Mishipa Waliyotaka Kunipima

Siku za kliniki ya sukari pale Bunda, wazee wenzangu wakiona kibao cha plastiki kilichofungwa nyuma ya mguu wangu wa kulia huniuliza kama nilivunjika. Nawajibu sikuvunjika. Kisha nawauliza mimi: je, ndala yako inakuchomoka ukitembea, nawe huna habari mpaka mtu wa nyuma akuite? Wengine hucheka. Wengine hunyamaza, na yule anayenyamaza ndiye ninayesogea karibu naye kwenye benchi. Haya ninayoandika ndiyo ninayomwambia huyo, ila hapa nimeyaandika yote, pamoja na yale ambayo pale kwenye benchi huwa nayaruka kwa aibu.

Naitwa Makuru. Nakaa Nyamuswa, nilikuwa karani wa kununua pamba mpaka nilipostaafu, na mke wangu alishatangulia. Nyumbani nilibaki na mkwe wangu, mke wa kijana wangu Wambura, pamoja na mjukuu wangu Neema. Wambura yupo migodini Geita, huja mara chache. Kwa hiyo aliyekuwa ananipikia, ananikumbusha vidonge na kunisindikiza kliniki ni huyo mkwe. Namwita Mama Neema. Jina lake la kuzaliwa silitaji, si heshima.

Kwetu baba mkwe na mkwe wana mpaka wao. Hatupeani mikono. Chakula anakiweka mezani, anapiga goti kidogo, anatoka. Haingii chumbani kwangu, nami siingii jikoni kwake. Hata kliniki alikuwa ananifikisha mlangoni pa daktari, halafu anarudi nje kukaa, maana ndani naweza kuambiwa nivue shati. Mimi niliona ni heshima, na ni heshima kweli. Lakini kwa kuwa yeye alikuwa nje, mimi kule ndani nilipata nafasi ya kudanganya.

Kila nilipoingia waliniuliza kama miguu inakufa ganzi, kama inawaka moto nikilala. Nilisema hapana, na hiyo ilikuwa kweli. Waliniambia nifumbe macho, wakanigusa nyayo kwa uzi mgumu, na kila walipogusa nilisema hapo, na hapo tena. Nesi akanisifu. Nikatoka kifua mbele, nikawaambia watu wa Nyamuswa kwamba sukari ninayo lakini miguu yangu ni ya kijana. Siku moja wakauliza kama ninaanguka. Nikasema sianguki. Wakati huo goti lilikuwa na kidonda kipya chini ya suruali.

Maana kilichokuwa kinaondoka mwilini mwangu hakikuwa kuhisi. Ilikuwa nguvu. Ilianza kwenye ndala, kama nilivyosema. Halafu ncha ya mguu wa kulia ikawa inakwangua chini. Nikipita kizingiti cha mlango nanyanyua goti juu kama kuku anayekanyaga matope, na nikisahau kunyanyua, najikwaa. Nikabadilisha ndala nikanunua viatu vya kamba. Nikasema ndala za siku hizi mpira wake ni hafifu. Halafu vidole vya mkono vikaanza. Kifungo cha shati cha juu kabisa kikawa kazi ya asubuhi nzima, nikaacha kukifunga, nikasema joto. Kamba ya ndama nikawa nafunga fundo ambalo ndama mwenyewe analifungua kwa kuvuta tu, na mahindi ya jirani yakaliwa, na mimi nikamlaumu ndama. Kati ya kidole gumba na cha shahada, pale penye nyama, pakaanza kudidimia. Nilipaona. Nilikuwa napatazama nikiwa peke yangu, nikipabonyeza, halafu naweka mkono mfukoni.

Nilinyamaza kwa sababu nilijua mzee asiyejifunga vifungo anaishia wapi. Baba yangu mdogo aliishia kitandani, analishwa, anageuzwa na watu wengine. Na nyumbani kwangu wa kunigeuza angekuwa nani? Mkwe. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Niliona bora nianguke porini huko kuliko kufika mahali mke wa mwanangu anivalishe suruali.

Sasa, mvua za vuli zikiwa zinaishia, tukaenda kliniki kama kawaida. Kulikuwa na nesi mgeni, ambaye sijui alitokea wapi, mtu wa kutazama sana. Aliniona navuka ukumbi kwenda dirisha la dawa. Mguu wangu wakati huo ulikuwa unapiga sakafu kwanza kwa vidole, pwata, ndipo kisigino kinafuata. Nilipokuwa kwenye foleni ya dawa, akamfuata Mama Neema kwenye benchi wakaongea. Mimi niliwaona wakiongea, nikadhani wanajuana.

Tulipotoka, Mama Neema alikuwa nyuma yangu kama kawaida. Tukafika karibu na stendi ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, macho chini:

"Baba, yule nesi amesema uende Musoma. Kuna madaktari wanakuja na mashine. Amesema wakupime mishipa."

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Shuleni tulifundishwa kwamba mwili una mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mimi nimefika kidato cha nne, nilichora picha yake na nikapata alama nzuri. Lakini mtaani kwetu, ukisema mzee fulani ana mshipa, au mzee fulani amepelekwa kupimwa mshipa, hakuna anayefikiria kuchora picha. Ni mambo ya ndani ya nguo. Ni ngiri, ni busha, ni uwezo wa mwanamume na mke wake. Wanaume hulisema neno hilo kilabuni na wanawake hulisema kisimani, lakini mke wa mwanao halisemi mbele yako, wala wewe hulisemi mbele yake.

Na mimi palepale stendi, katikati ya watu, nikasikia hilo tu. Elimu yote ikaruka. Nikawaza: huyu binti amekaa na nesi wamejadili nguo zangu za ndani. Nikawaza tena, kwamba amekuwa ananitazama ninavyotembea, akaona natembea vibaya, akadhani nina busha, akaenda kusema. Tulipanda gari, nikakaa mbele, yeye nyuma, na sikugeuka mpaka Nyamuswa.

Kama ningeishia hapo pasingeharibika kitu. Lakini jioni ile walikuja wazee wawili wa jumuiya yetu kunijulia hali, tukakaa uani. Mama Neema alikuwa jikoni, mlango wazi. Wakaniuliza kliniki wamesemaje. Nami, kwa sauti ambayo nilihakikisha inafika jikoni, nikasema siku hizi wakwe ndio madaktari, wanajua mpaka mishipa ya baba zao. Nikauliza kama kule kwao Bukima ndivyo wasichana wanavyofundwa.

Wale wazee hawakucheka. Mmoja akaangalia kofia yake. Jikoni mwiko uliokuwa unasonga ugali ukasimama, halafu ukaendelea. Chakula kililetwa, goti likapigwa, maji ya kunawa yakamiminwa, hakuna kilichopungua. Asubuhi yake Mama Neema alifagia uwanja, akaniwekea vidonge pembeni ya chai isiyo na sukari, akasema anakwenda kuwaona wazazi wake. Akaondoka na mtoto na begi ambalo si la kutembea siku moja.

Nilimpigia Wambura simu nikijua ameshapigiwa. Nilijitetea. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, mimi siingii katikati. Ila yeye hajanisimulia ulichosema. Nimesimuliwa na watu wengine." Akaniaga kwa heshima. Baada ya hapo akawa anatuma salamu kupitia kwa dada yangu.

Musoma sikwenda. Wale madaktari wenye mashine walikuja, wakaondoka, mimi nipo nyumbani. Kiangazi kifupi kikapita, masika ikaanza, nami nikawa najipikia, na kwa mikono ile kujipikia maana yake ni kumwaga. Sufuria ilinichomoka ikiwa na maji ya moto, Mungu akasaidia yakaenda upande wa pili. Nikawa nakula viazi na ugali wa jana, sukari ikapanda, vidonge nameza nikikumbuka. Nikanunua dawa ya mizizi kwa mtu aliyekuwa anapita na kipaza sauti. Ilikuwa chungu kweli, na nadhani uchungu ndio uliokuwa dawa yake yote. Bonde la kwenye kidole gumba likazidi kushuka.

Aliyenitoa huko ni dada yangu Nyangeta, lakini kwanza ilibidi nianguke mbele ya watu. Yeye ameolewa Butiama, na ni mkubwa kwangu. Jirani yake alifiwa, nikaenda kuzika. Mvua ilikuwa imenyesha, wamefunga turubai, na mimi nikapewa heshima ya kusema maneno ya shukrani kwa niaba ya wageni. Nikasimama, nikapiga hatua, ncha ya mguu ikanasa kwenye kamba ya turubai. Nilianguka kifudifudi kwenye matope, na turubai upande ule likashuka likawamwagia maji akina mama waliokuwa wanamenya ndizi. Nikiwa chini nikasikia mtu anamwambia mwenzake kwamba mzee ameanza mapema leo. Mimi pombe niliacha tangu nilipoambiwa nina sukari. Katika mambo yote niliyoagizwa kliniki, hilo moja nilikuwa nimelishika, na ndilo walilonivua siku ile.

Dada aliniosha uso nyumbani kwake, kisha akakaa mbele yangu, akashika mkono wangu, akalitazama lile bonde. Hakuniuliza kama linauma.

"Unaangukaga tangu lini?" akasema.

Nikamwambia ni kamba tu.

"Makuru, mimi nilikubeba mgongoni. Usinidanganyage mimi. Nimekuona unavyotembea kutoka barabarani, unanyanyua mguu kama unapanda ngazi. Kesho tunaenda Musoma."

Nikamwambia Musoma wanataka kunipima vitu ambavyo mtu wa umri wangu hana haja navyo. Akaniuliza vitu gani. Sikuweza kumwambia dada yangu. Akasema basi, hata kama ni kichwa wanataka kukata, afadhali wakate kuliko kuja kunizika kwa sababu ya kamba ya turubai.

Siku ile hatukupimwa. Tulionwa na daktari wa kawaida, akanigongagonga magoti kwa kinyundo, akaniambia nisukume mkono wake kwa mguu, nikashindwa. Akanipima sukari akatikisa kichwa. Akasema wale wenye mashine watarudi tena masika ikiisha, nisiwakose. Nikalala Butiama kwa dada wiki zote hizo, ananipikia, ananipangia vidonge kama mtoto. Mahindi yakakomaa. Nikiri pia kwamba katika wiki hizo niliwahi kupanga kutoroka kurudi Nyamuswa, nikafika mpaka barabarani. Viatu vikanishinda kufunga kamba, nikarudi.

Siku ya kipimo ukumbi ulijaa. Watu walitoka Tarime, Serengeti, visiwani. Nataka kumwambia msomaji anayesubiri zamu yake kwamba kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kipimo. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia kwa madirisha, nimevaa koti. Mama mmoja aliyekuwa amemleta mume wake aliona mikono yangu inavyohangaika na mfuniko wa chupa ya maji, akaichukua, akaifungua, akanirudishia bila kusema kitu na bila kunitazama usoni. Nimesahau sura yake. Sijasahau kwamba hakunitazama usoni.

Walipoita jina langu dada alitaka kuingia, nikamkatalia. Ndani nilimkuta daktari, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu mkubwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamume. Pembeni kulikuwa na kitanda, pazia, na mashine ndogo yenye nyaya nyingi. Akanisalimia vizuri, shikamoo mzee, akasema, "Jiandae, panda kitandani." Akageuka kuwasha mashine.

Nikajiambia, Makuru, umekwisha kuzeeka, umekwisha kuanguka mbele ya watu, heshima gani imebaki. Nikageukia ukuta, nikaanza kufungua mkanda. Kwa vidole vile ulinichukua muda. Nilikuwa nimefika kwenye kifungo cha suruali niliposikia:

"Mzee, huo mkanda wa nini? Nataka viatu na soksi tu. Suruali ukunje mpaka kwenye goti."

Nilibaki nimeshika suruali. Nikamwambia nimeambiwa napimwa mishipa.

"Ndiyo," akasema. "Ya miguu na mikono. Inayopeleka nguvu." Halafu akanitazama, akautazama mkanda, akaelewa. Akajigeuza kwenye mashine yake akawa anabonyeza bonyeza kitu ambacho nadhani hakikuhitaji kubonyezwa. Mabega yalikuwa yanatikisika. "Mzee wangu," akasema baadaye bila kugeuka, "wewe si wa kwanza. Wiki hii peke yake si wa kwanza."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Watu huuliza kama kipimo kinauma, lakini mimi maumivu yangu yalikuwa hapo, kabla ya waya wowote kunigusa. Niliona jiko, mlango uko wazi, mwiko umesimama kwenye ugali. Binti wa watu aliniambia jambo la kweli kwa sauti ndogo, nami nikamvua nguo mbele ya wazee.

Kipimo chenyewe ni hivi. Miguu yangu ilikuwa ya baridi, akasema baridi inaidanganya mashine, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu nikaloweka. Sijawahi kuoshwa miguu hospitali. Akaikausha, akabandika vibandiko vyenye mafuta ya ubaridi juu ya mguu, halafu akawa anagusa na kitu kama uma wenye meno mawili. Kila akigusa unapigwa kidogo na umeme, kama mtu aliyeshika waya wa redio mbovu kwa mikono yenye maji. Unashtuka, inapita. Mkononi vilevile. Mwishoni kuna sindano nyembamba kwenye msuli, hiyo inauma, lakini ni fupi.

Ila nataka niseme lile nililoliona. Miezi mingi nilikuwa naamrisha mguu ule unyanyuke na unakataa. Nilishauhesabu kama umekufa, naukokota tu. Binti akagusa nyuma ya goti kwa ule uma, na vidole vyangu vikaruka juu. Vyenyewe. Nikamwuliza kama ni mimi niliyefanya hivyo. Akasema ni mguu wangu, kwa hiyo ni mimi. Akagusa tena, vikaruka tena, si juu sana, lakini viliruka. Machozi yakanitoka. Akanipa karatasi ya kufutia mafuta, nikafutia uso.

Majibu alinieleza kwa maneno machache. Mishipa inayopeleka nguvu imeharibiwa na sukari, mguu wa kulia zaidi, mikono inafuata. Haijafa. Mingine imechoka, mingine imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Si kiharusi, si uti wa mgongo. Akasema sukari ikishuka na kukaa chini, na nikifanya mazoezi, huenda kuharibika kukasimama na sehemu ya nguvu ikarudi. Sehemu, akarudia, si yote. Akaongeza kwamba ningekuja mwanzo ingekuwa sehemu kubwa zaidi. Hakusema kwa kunigombeza. Nilijigombeza mwenyewe kwa niaba yake.

Nilitoka nikamkuta dada amesimama mlangoni, amebana kanga mdomoni. Nikamwambia mguu haujafa. Akakaa chini palepale sakafuni, watu wakamzunguka wakidhani ametoka kupokea habari ya msiba.

Kuanzia hapo nikaanza sindano za insulini asubuhi na jioni, nikatupa chupa ya mizizi, nikatengenezewa hiki kibao cha kunyanyua ncha ya mguu. Mtu wa mazoezi akaniambia nifinye tonge la ugali baridi kwa vidole, kila siku, mpaka mkono uchoke. Kuku wa dada yangu walinenepa kwa matonge hayo. Kiangazi kikakomaa, pamba ikavunwa. Siku nilipofunga kifungo cha juu cha shati nilikifungua nikakifunga tena, kisha nikakaa kimya nisije nikakiharibu kwa kujisifu.

Baada ya hapo nikaenda Bukima. Kawaida, mke akiondoka kwa hasira, anayemfuata ni mume, pamoja na wazee. Baba mkwe hajipeleki. Wambura alikuja likizo, nikamwambia tunakwenda wote, na dada Nyangeta, na mimi ndiye nitakayesema. Akanitazama sana, akakubali. Tulifika mchana, dagaa wameanikwa mpaka karibu na mlango. Baba yake Mama Neema, Mzee Mafuru, ni mvuvi, mtu wa maneno machache. Alitupokea, tukapewa viti, akina mama wakakaa kwenye mkeka, Mama Neema nyuma ya mama yake, amejifunika kanga.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya kuomba msamaha bila kutaja chochote. Nilipoanza nikaona hayafai. Nilimtukana kwa kutaja, basi nami nisafishe kwa kutaja. Nikasema mbele ya wakwe zangu kwamba mimi nilisikia mshipa, binti yao alisema mishipa. Nikasema nilichowaza. Nikasema nilichotamka uani kwangu, neno kwa neno. Mzee Mafuru alikaza uso. Nikaona bado hawajajua ukubwa wa ujinga wangu, nikawasimulia na habari ya mkanda.

Mama yake Mama Neema akainuka taratibu, akasema anakwenda kuangalia dagaa, akazunguka nyuma ya nyumba. Tukamsikia akicheka huko, kicheko cha mtu aliyejibana mpaka akashindwa. Mzee Mafuru akainamisha kichwa, akawa anakuna ndevu. Dada yangu, ambaye habari hiyo alikuwa haijui, akasema, "Fomu foo yote ile, Makuru," akajifunika uso.

Mama Neema hakucheka. Akaomba ruhusa kwa baba yake aseme.

"Baba," akaniambia mimi, "mimi nilijua ni mishipa gani. Nesi alinieleza. Pale stendi niliona umekasirika, nikataka kukueleza kwamba siyo ile. Lakini nikianza kusema siyo ile, nitakuwa nimeshaitaja ile. Nikashindwa."

Nikamwambia nimeelewa. Nikamwambia anisamehe.

"Nimesamehe. Kurudi nitarudi, kwa sababu ni kwangu. Ila kliniki tutaingia wote. Mimi nakaa nje kwa heshima, na wewe ndani unawaambia huanguki. Hiyo heshima itakuua, na watakaolaumiwa ni sisi tuliokuwa tunakutazama."

Mzee Mafuru akaniuliza kama naliweza hilo. Nikafikiria baba yangu mdogo kitandani. Ile hofu niliyokuwa nayo, kwamba siku moja mkwe ataona udhaifu wangu, ilikuwa imekwisha kutokea zamani. Alikuwa ameuona kila siku akitembea nyuma yangu, na hakuwahi kunidharau. Nikasema naliweza.

Sasa nguvu zimerudi kiasi. Sitakimbia tena, na jembe nalishika kwa muda mfupi. Wewe unayesoma, kama sukari unayo, usingoje ganzi. Kama kiatu kinachomoka, kama ufunguo hauzunguki mkononi, kaseme. Wakikuambia kipimo cha mishipa, uliza mishipa ipi, uliza hata kama utachekwa.

Kliniki ya mwezi uliopita tuliingia wote wawili. Daktari akamtazama Mama Neema, akaniuliza kama huyu ni binti yangu. Nikasema ni mkwe. Daktari naye ni mtu wa huku, anajua mila, akauliza kama amtoe nje kwanza. Nikasema akae. Mama Neema akakaa kwenye kiti cha pembeni, macho chini, mikono magotini. Daktari akapima nguvu za mguu, za mikono, akaonekana kuridhika. Akafungua faili.

"Mwezi huu umeanguka, mzee?"

"Hapana," nikasema. Ilitoka haraka, kwa mazoea.

Mama Neema akakohoa. Macho bado chini, akasema taratibu kwamba Jumapili baba alianguka karibu na banda, akasema ni paka aliyempitia miguuni, na nyumbani paka hatuna.

Daktari akashika kalamu hewani, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Sasa niandike la nani?"

"Andika la mkwe wangu," nikasema.